Msimu wa kwanza wa City Oilers katika BAL: mechi tano zisomwe vipi?

Kila jina la City Oilers, klabu ya Kampala, linapotajwa pamoja na BAL (Basketball Africa League), mazungumzo ya mashabiki wa mpira wa kikapu hapa Kampala hurudi kwenye maswali yaleyale. Wapo wanaoamini kwamba mwaka 2023 klabu yetu ilicheza katika ligi ya NBA. Wapo wanaosema ilialikwa tu ili Uganda nayo ionekane. Wengine wanadai ilifanya vibaya ikashushwa daraja, na wengine wanauliza, tena kwa haki kabisa, inakuwaje timu iliyotawala nyumbani kwa muongo mzima ikatolewa katika hatua ya kwanza ilipotoka nje.

Maswali hayo yana majibu, na karibu yote yanaanzia mahali pamoja. Tunaipima BAL kwa kipimo cha ligi tuliyoizoea, ile ambayo timu hukutana mara mbili au zaidi, miezi ikapita, majeruhi wakapona, na jedwali likajisahihisha lenyewe. Msimu mzima wa Oilers mwaka 2023 ulikuwa mechi tano, zote zikichezwa katika jiji moja, ndani ya siku 11. Asiyeanza na hesabu hiyo atasoma matokeo yao kama anayesoma ukurasa mmoja uliochanwa kitabuni.

NBA ni mbia, si mwenye klabu

BAL ni ligi ya klabu za wanaume za mpira wa kikapu barani Afrika. Inaendeshwa kwa ubia wa NBA, ambayo ndiyo ligi kuu ya kulipwa ya Marekani, na FIBA, yaani shirikisho la mchezo huu duniani. Ilitangazwa Februari 2019 na ilikusudiwa kuanza Machi 2020 mjini Dakar, lakini janga la korona likaisogeza hadi Mei 2021, ambapo timu 12 zilikusanywa Kigali na kucheza msimu wote hapo hapo. Zamalek ya Misri ilikuwa bingwa wa kwanza. Baada yake taji likaenda kwa US Monastir ya Tunisia mwaka 2022, Al Ahly ya Misri mwaka 2023, Petro de Luanda ya Angola mwaka 2024, na Al Ahli Tripoli ya Libya mwaka 2025. Rais wa ligi ni Amadou Gallo Fall wa Senegal.

NBA yenyewe ina timu 30, zote za Marekani isipokuwa moja ya Kanada, na timu hizo ni zilezile kila mwaka. Hakuna anayepanda wala anayeshuka. BAL haikujengwa hivyo. Klabu zake ni za wenyewe: nyingine ni za majeshi au idara za serikali, nyingine za kampuni, nyingine ni klabu kubwa za michezo mingi ambazo mashabiki wake wengi huzijua kwa soka. City Oilers ina jina la kampuni ya mafuta ya City Oil, ambayo vituo vyake wakazi wa Kampala wanavijua vizuri, na haikubadilisha mmiliki kwa kuingia BAL. Kinachotoka kwa NBA ni fedha za uendeshaji, utaalamu wa matangazo na jina linalovuta wadhamini. Hata sheria za uwanjani ni za FIBA: robo nne za dakika kumi kumi, si kumi na mbili kama Marekani, na mchezaji anatoka kwa faulo ya tano, si ya sita.

Mfano ulio karibu zaidi nasi ni Ligi ya Mabingwa ya CAF katika soka. Mwaka 2022 Vipers iliitoa TP Mazembe kwa mikwaju ya penalti, ikaingia hatua ya makundi kwa mara ya kwanza na kupangwa pamoja na Raja, Simba na Horoya. Hakuna aliyesema kwamba Vipers imehama Ligi Kuu ya Uganda, wala kwamba imekuwa mali ya CAF. Oilers walikuwa katika hali hiyohiyo. Walikuwa bingwa wa nchi aliyepata nafasi ya kushindana na mabingwa wenzake, huku akiendelea kudaiwa mechi zake za nyumbani katika ukumbi wa Lugogo, Kampala.

Namna ya kuingia, na namna ya kutoka

Ligi ya taifa, NBL, inasimamiwa na shirikisho letu la mpira wa kikapu, FUBA. Bingwa wake ndiye anayepata haki ya kuiwakilisha Uganda, lakini haki hiyo ni ya kuanza safari tu. Nchi chache ambazo ligi zake zina nguvu na historia ndefu, zikiwemo Angola, Misri, Senegal na Tunisia, mabingwa wake huingia BAL moja kwa moja. Sisi wengine tunapitia mchujo. Kwanza kuna makundi ya awali, kisha hatua ya timu 16 bora, ambayo hugawanywa kanda mbili za timu nane nane, Mashariki na Magharibi. Timu tatu za juu katika kila kanda ndizo zinazopita.

Oilers waliuvuka mchujo huo Johannesburg mwezi Novemba 2022, wakapita pamoja na Cape Town Tigers ya Afrika Kusini na Ferroviário da Beira ya Msumbiji. Ndiyo klabu ya kwanza ya Uganda kufika BAL. Kwa hiyo anayesema walialikwa anawanyima jasho lao. Walitwaa NBL mara saba mfululizo kuanzia 2013 hadi 2019, wakaitwaa tena 2022 baada ya vurugu za korona, na bado iliwabidi wakaipiganie nafasi hiyo nje ya nchi.

Dai la kushushwa daraja nalo linakosa pa kusimama, kwa sababu chini ya BAL hakuna daraja. Nafasi ni ya msimu mmoja na huisha na msimu huo. Anayeitaka tena lazima awe bingwa tena nyumbani na auvuke mchujo tena. Oilers walifanya hivyo na kurejea mwaka 2024. Mwaka 2025, Nairobi City Thunder ya Kenya ilipoingia kwa mara ya kwanza na Uganda ikakosa mwakilishi, hiyo haikuwa adhabu ya aina yoyote. Ni mchujo tu ulioangukia kwingine.

Mimi naona utaratibu huu una haki na una ukatili kwa wakati mmoja. Una haki kwa sababu klabu ya Kampala yenye bajeti ndogo inaweza kuingia kwa kushinda mechi, jambo lisilowezekana katika ligi ambazo nafasi hununuliwa. Ukatili wake uko kwenye mipango. Klabu haiwezi kumwambia mdhamini wala mchezaji mzuri kwamba mwakani itakuwa BAL, kwa sababu haijui. Inabidi ijenge timu ya kushinda NBL, na ikishapata tiketi ndipo ianze kukimbizana na usajili wa timu ya kushinda Afrika, huku muda uliobaki ukihesabika kwa wiki.

Mechi tano, siku 11

Mwaka 2023 timu 12 ziligawanywa makundi mawili ya timu sita sita. Kundi la Sahara lilicheza Dakar mwezi Machi. Kundi la Nile, ambamo Oilers walipangwa, lilicheza Cairo kuanzia Aprili 26 hadi Mei 6. Kila timu ilicheza na kila mwenzake katika kundi mara moja, na nne za juu katika kila kundi zikaenda Kigali mwezi huohuo wa Mei kwa robo fainali, nusu fainali na fainali, ambako kupoteza mechi moja kulimaanisha kuliaga taji.

Kwa hesabu hiyo, kila kundi lilikuwa na mechi 15, jumla 30, na ukiongeza nane za Kigali unapata 38 kwa ligi nzima. Al Ahly ilikuwa bingwa wa Afrika kwa kucheza mechi nane tu. Timu iliyotolewa katika makundi ilikuwa imemaliza msimu wake kwa mechi tano.

Kwa nini wasicheze nyumbani na ugenini kama soka? Wengi wa mashabiki wa Lugogo wangelipa kiingilio kizuri kuiona Petro ikija hapa. Tatizo ni kwamba timu 12 zikikutana zote nyumbani na ugenini zinahitaji mechi 132, na kila moja inahitaji ndege kwa watu wasiopungua ishirini, mara nyingi kwa njia ya kuzunguka, kwa sababu safari za moja kwa moja kati ya majiji ya Afrika ni chache kuliko ramani inavyoonyesha. Halafu kuna suala la viwanja. BAL inataka uwanja wa ndani wenye sakafu, taa na nafasi ya kamera inayokubalika kwa matangazo ya kimataifa, na Dakar, Cairo na Kigali wanavyo. BK Arena ya Kigali, iliyofunguliwa 2019, inachukua watu wapatao 10,000. Ukumbi wetu wa Lugogo una mioyo ya watu wengi, lakini haujafika huko, na klabu nyingine za NBL zimezoea kucheza katika uwanja wa wazi ambako mvua ikinyesha mechi inaahirishwa.

Matokeo ya kukusanya mechi hivi ni kwamba bahati inapata nafasi kubwa kuliko kawaida. Chukua mitupo ya pointi tatu. Timu ikirusha mara 25 na kuingiza kumi ina pointi 30. Usiku mwingine, mikono ileile ikiingiza sita ina pointi 18. Hizo ni pointi 12 za tofauti ambazo hazikuletwa na kocha mpya wala mbinu mpya, bali na mpira kugonga ukingo wa kikapu na kutoka badala ya kuingia. Katika fainali ya NBL, ambayo huamuliwa na anayefikisha ushindi wa mechi nne kati ya saba, usiku kama huo unarekebishika wiki inayofuata. Cairo, usiku mmoja mbaya ulikuwa moja ya tano ya msimu.

Oilers hawakuingia katika zile nne za juu, na safari yao ikaishia Cairo. Huo ndio ukweli wa jedwali. Lakini mtu akichukua mechi tano na kutangaza kwamba zimeonyesha kiwango kamili cha mpira wa kikapu wa Uganda, anabebesha hesabu ndogo mzigo isiouweza.

Ugeni peke yake haujibu swali

Hapa watetezi wa Oilers nao huteleza. Jibu lao la haraka ni kwamba timu ilikuwa ngeni. Ni kweli kwamba Petro, Cape Town Tigers, Ferroviário da Beira na SLAC ya Guinea walikuwa wameshacheza BAL mwaka 2022, kwa hiyo katika kundi la timu sita wageni walikuwa wawili. Mmoja ni Oilers. Wa pili ni Al Ahly, ambayo ilicheza BAL kwa mara ya kwanza mwaka huohuo na ikaondoka na kombe.

Wageni hao wawili walitofautiana kwa mambo ambayo jedwali haliyaonyeshi. Al Ahly ilikuwa nyumbani, mbele ya mashabiki wake, katika jiji ambalo wachezaji wake wanalala vitandani mwao. Kocha wake, Augustí Julbe wa Hispania, ndiye aliyeipa Zamalek ubingwa wa kwanza wa BAL mwaka 2021, kwa hiyo klabu ilikuwa ngeni lakini aliyeshika usukani hakuwa mgeni. Na mchezaji bora wa msimu huo, Nuni Omot wa Sudan Kusini, alikuwa katika kikosi hichohicho.

La maana kuliko yote hayo, kwa maoni yangu, ni kalenda. NBL kwa kawaida huanza miezi ya mwanzo ya mwaka na kumalizika kuelekea mwishoni mwa mwaka. Ligi za Misri na Angola hufuata mpangilio wa Ulaya: huanza wakati wetu wa kumaliza na kufikia kilele karibu na Mei. Kundi la Nile lilipoanza mwishoni mwa Aprili, timu za huko zilikuwa na miezi mingi ya mechi miguuni, zimeshajua nani anamaliza na nani, wakati sisi tulikuwa ndiyo kwanza tunapata joto. Ni kama kumketisha mwanafunzi wa muhula wa kwanza katika chumba cha mtihani pamoja na aliyemaliza muhula wa tatu, darasa likiwa moja na karatasi ikiwa moja.

Ushindani wa nyumbani nao una sehemu yake, ingawa wengi hawapendi kuusikia. Timu iliyozoea kuongoza kwa tofauti kubwa hadi robo ya tatu haipati mazoezi ya dakika tatu za mwisho zenye pointi mbili za tofauti, pale ambapo kila mpira unachorewa mpango wake kwenye ubao wa kocha na mtupo huru mmoja ukikosekana unageuza usiku mzima. Kocha wa Oilers, Mandy Juruni, aliyajua hayo. Alikuwa na timu ya taifa, Silverbacks, iliposhiriki AfroBasket, mashindano ya mataifa ya Afrika, kwa mara ya kwanza mwaka 2015. Lakini kocha kujua ni jambo moja, na kikosi kuyaishi kila wiki ni jambo jingine.

Wachezaji wa kigeni na dakika 200

Malalamiko mengine ni kwamba timu iliyoonekana Cairo haikuwa ileile tunayoiona Lugogo. Hilo lina ukweli, na ni halali. Kanuni za BAL zinaruhusu kila klabu kuwa na wachezaji wa kigeni wasiozidi wanne, na kati ya hao wasiozidi wawili wawe wametoka nje ya Afrika. Waliobaki lazima wawe raia wa nchi ya klabu. Wageni hao mara nyingi husajiliwa kwa ajili ya mashindano hayo tu, wakacheza, wakaondoka. Karibu kila klabu hufanya hivyo. Mwaka 2021 Patriots ya Rwanda ilimsajili hata J. Cole, msanii wa rap wa Marekani, akacheza mechi tatu kabla ya kurudi kwao. Ilikuwa habari kubwa kwa magazeti ya burudani, ingawa haikuwa sababu ya Patriots kumaliza wa nne mwaka ule.

Athari ya kanuni hii inaonekana vizuri kwa hesabu ndogo. Mechi ina dakika 40 na wachezaji watano uwanjani, kwa hiyo kila timu ina dakika 200 za kugawana. Wageni wanne wakicheza dakika 30 kila mmoja, wamechukua 120. Zinabaki 80 kwa wenyeji wote. Nahodha kama Jimmy Enabu, ambaye amezoea timu kuzungukia mikononi mwake katika NBL, anajikuta akiwatengenezea mashuti watu aliokutana nao mazoezini wiki chache zilizopita, ambao hajui bado kama mmoja anapenda mpira wa kifuani au wa juu akiwa anakimbia. Walioachiwa dakika hizo chache ndio haohao wanaotakiwa kurudi nyumbani na kuibeba timu msimu uliobaki.

Je, wasingesajili wageni? Ningependa jibu liwe ndiyo, lakini wapinzani wote wanasajili, na timu itakayokataa itakuwa imeamua kucheza na mkono mmoja nyuma. Linaloweza kubadilika ni muda: wageni wakifika mapema na kucheza mechi kadhaa za NBL, watakuwa wamezoeana na wenzao kabla ya kupanda ndege.

Kundi jingine la wachezaji linawachanganya watu zaidi. Tangu 2022 BAL ina mpango uitwao Elevate, ambao humpa kila klabu kijana mmoja kutoka kituo cha NBA cha kulea vipaji kilichopo Saly, Senegal. Klabu hazimnunui. Ni ligi inayompanga. Kwa njia hiyo Khaman Maluach, kijana wa Sudan Kusini aliyekulia Kawempe, alicheza Cobra Sport ya kwao mwaka 2022, AS Douanes ya Senegal iliyofika fainali mwaka 2023, na City Oilers mwaka 2024. Baadaye alikwenda chuo kikuu cha Duke, na Juni 2025 akachaguliwa wa kumi katika uteuzi wa wachezaji wapya wa NBA, akaishia Phoenix Suns. Kwa hiyo hakuwepo kabisa katika msimu wa kwanza wa Oilers, na jezi yao aliivaa katika mashindano ya BAL ya msimu mmoja tu. Uganda ina sehemu halali katika habari ya kijana huyu, nayo iko katika viwanja vya Kampala alikoanzia kuushika mpira, si katika mpango wa Elevate.

Kwa nini timu iliyoshindwa inahangaikia sekunde za mwisho

Limebaki jambo moja ambalo limewakera watazamaji wengi: timu iko nyuma kwa pointi 14, zimebaki sekunde 20, mechi imekwisha kwa akili ya kawaida, lakini kocha anaita mapumziko na kuchora mpango. Huo si ukaidi.

Katika msimamo wa FIBA, ushindi una alama mbili na kushindwa kuna alama moja. Sifuri hutolewa kwa timu isiyofika au inayokataa kucheza, na matokeo huandikwa 20 kwa 0. Mwaka 2024 Dynamo ya Burundi ilitolewa mashindanoni kwa njia hiyo huko Pretoria, baada ya mgogoro wa kukataa kuvaa jezi zenye tangazo la utalii la Rwanda. Kwa hiyo ile alama moja ambayo shabiki wa soka huiona kama zawadi kwa mshindwa ni malipo ya kuingia uwanjani na kumaliza mechi.

Timu mbili zikilingana kwa alama, huangaliwa nani alimshinda mwenzake walipokutana. Zikiwa tatu au zaidi, hutengenezwa jedwali dogo la mechi kati yao tu, na hapo ndipo tofauti ya pointi inapoanza kuuma. Tuseme A imemshinda B kwa pointi tatu, B imemshinda C kwa pointi tano, na C imemshinda A kwa pointi kumi. Kila moja ina ushindi mmoja. C inabaki na ziada ya pointi tano, B ziada ya mbili, A upungufu wa saba. Kama A ingepoteza kwa C kwa pointi mbili tu badala ya kumi, ingekuwa ya pili kati ya hizo tatu badala ya kuwa ya mwisho. Katika kundi la mechi tano, ambapo timu nyingi humaliza na ushindi mmoja, mbili au tatu, kulingana si jambo la ajabu, na mtupo wa pointi tatu wa sekunde ya mwisho katika mechi iliyopotea unaweza kuwa ndio tiketi ya kwenda robo fainali.

Mpangilio huu wenyewe haukai mahali pamoja, na hilo ni la kukumbuka kwa yeyote anayelinganisha misimu. Mwaka 2021 kila timu ilikuwa na mechi tatu tu za makundi. Mwaka 2022 na 2023 zikawa tano. Mwaka 2024, Oilers waliporudi, yalikuwepo makundi matatu ya timu nne, kila timu ikicheza na mwenzake mara mbili, jumla mechi sita. Mbili za juu katika kila kundi zilipita, pamoja na mbili bora kati ya zilizoshika nafasi ya tatu. Oilers walipangwa tena Cairo, safari hii pamoja na Al Ahly ya Misri, Al Ahly ya Libya na Bangui Sporting ya Jamhuri ya Afrika ya Kati, na kwa mara nyingine hawakuvuka. Kundi lilikuwa dogo zaidi, lakini ndani yake mlikuwa na bingwa mtetezi, na timu ya Libya ambayo wiki chache baadaye ilicheza fainali ya Kigali dhidi ya Petro.